Nauru baada ya fosfeti: kisiwa cha kilomita za mraba 21 kinajiendeshaje?

Swali la msomaji: Nimesoma kwamba Nauru, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, kiliwahi kuwa miongoni mwa nchi tajiri zaidi duniani ukigawa mapato kwa idadi ya watu, kisha kikafilisika. Wengi husema wananchi walizila fedha kwa anasa. Ni kweli? Na leo nchi ya watu 12,000 hivi inapata wapi fedha, inatawaliwa vipi, na ile ardhi iliyochimbwa inaweza kurudi kuwa ardhi?

Jibu: Anasa ilikuwepo, lakini magari na safari za ndege haziwezi kumaliza fedha nyingi kiasi kile. Nauru iliangushwa na mpangilio mbovu: mapato yaliyotegemea kitu kimoja, mfuko wa akiba ambao serikali iliweza kuuweka rehani, na bunge lililoweza kumng'oa rais yeyote ndani ya kikao kimoja. Baada ya hapo nchi imeishi kwa kuuza kitu ambacho wakoloni walidhani hakina bei, yaani hadhi yake ya kuwa dola huru. Haya yote hayaeleweki bila kukijua kisiwa chenyewe, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Nauru ina umbo la yai na iko chini ya kilomita 60 kusini mwa ikweta. Jirani yake wa karibu ni Banaba, kisiwa cha Kiribati kilicho kilomita 300 hivi upande wa mashariki. Ni kisiwa cha matumbawe kilichoinuliwa juu ya maji. Ukitoka baharini unakutana kwanza na mwamba ambao maji yakipwa unabaki mkavu, kisha ukanda wa pwani wenye upana wa mita 150 hadi 300, ambako karibu watu wote wanaishi, na barabara ya kuzunguka nchi nzima ambayo haifiki kilomita 20. Nyuma ya nyumba kuna genge la mawe, na juu yake uwanda ambao wenyeji wanauita Topside. Sehemu ya juu kabisa ina mita 70 hivi. Hakuna mto. Kuna ziwa moja la maji ya chumvichumvi, Buada, lililo kwenye bonde la ndani lenye minazi na migomba, na ndiyo sehemu pekee ya ndani yenye udongo wa maana.

Hakuna pia bandari ya asili, na jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mwamba ukiisha, sakafu ya bahari inashuka ghafla kuelekea vilindi vya maelfu ya mita, kwa hiyo nanga haina pa kushika. Meli kubwa hufungwa kwenye maboya yaliyoshikiliwa na minyororo mirefu, miongoni mwa maboya yaliyotiwa kina kirefu zaidi duniani. Fosfeti ilipakiwa kwa mikono mikubwa ya chuma iliyonyooshwa juu ya mwamba hadi kwenye meli, teknolojia iliyoanza hapo mwaka 1930. Makontena ya chakula hushushwa kwenye matishari, yakavutwa hadi gati dogo. Kati ya Novemba na Februari, pepo za magharibi zikichafua bahari, kazi husimama. Meli hungoja nje, gharama ya kungoja inaingia kwenye bei ya mchele, na rafu za maduka zinabaki tupu. Ndiyo sababu bandari mpya inajengwa wilayani Aiwo kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Asia, Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, Australia na Nauru yenyewe. Ukitaka kujua bei ya vitu Nauru, tazama kwanza hali ya mawimbi.

Maji nayo ni hesabu ya kila siku. Mvua kwa wastani ni milimita 2,000 hivi kwa mwaka, lakini wastani huo unadanganya. El Niño huleta mvua nyingi. La Niña huleta ukame ambao unaweza kushusha mvua ya mwaka mzima chini ya milimita 500. Maji matamu ya chini ya ardhi ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari, na katika ukanda ule ule kuna nyumba, vyoo na makaburi, hivyo visima vingi havifai kunywewa. Watu hutegemea matangi ya kukinga mvua na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mitambo hiyo inakula umeme mwingi, na umeme mwingi unatoka kwenye dizeli inayoletwa na meli zile zile. Kitu kimoja kikikwama, vingine vitatu vinakwama nacho.

Sasa fosfeti, madini yanayotengenezewa mbolea. Haikuwa tabaka moja la kuchotwa kwa koleo. Uwanda wa juu ulikuwa msitu wa nguzo za mawe ya matumbawe, na fosfeti ilijaza nafasi kati ya nguzo hizo kama unga uliomiminwa katikati ya vidole. Mchimbaji alifyeka miti, akaondoa udongo wa juu, kisha winchi yenye makucha ikashuka kati ya nguzo na kuchota. Mzigo ulisafirishwa kwa reli nyembamba, baadaye kwa malori, ukasagwa, ukakaushwa, ukawekwa ghalani na kupelekwa kwenye mikono ya kupakilia. Kilichobaki ni nguzo zenyewe, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, zikiwa zimesimama uchi juani. Takriban asilimia 80 ya kisiwa iko hivyo leo.

Utajiri huu uligunduliwa kwa namna ya kuchekesha kidogo. Ujerumani iliitwaa Nauru mwaka 1888 bila kujua ina nini. Mwaka 1899, katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney, jiwe kutoka kisiwani lilikuwa likitumika kuzuia mlango usifunge. Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni hiyo, alilipeleka kupimwa, likaonekana ni fosfeti safi ya daraja la juu. Uchimbaji ulianza miaka michache baadaye, na shehena ya kwanza iliondoka mwaka 1907. Mwenye ardhi alilipwa nusu peni kwa tani. Mwaka 1914 Australia ilikiteka kisiwa, na baada ya vita Uingereza, Australia na New Zealand zikaunda shirika la pamoja, British Phosphate Commissioners, lililochimba chini ya mamlaka ya Shirikisho la Mataifa. Fosfeti iliuzwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand chini ya bei ya soko la dunia. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka 40 Wanauru walikuwa wakilipa ruzuku ya mbolea ya nchi mbili tajiri. Msemo kwamba "walizila fedha" unasahau kwamba theluthi moja hivi ya machimbo ilikuwa imekwisha kabla hawajashika wao hesabu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Japani ilikitwaa kisiwa mwezi Agosti 1942 na kuwahamisha kwa nguvu Wanauru 1,200 kwenda Truk, ambayo leo inaitwa Chuuk. Zaidi ya 460 walifia huko. Watu 737 walirudi tarehe 31 Januari 1946. Kwa taifa lililokuwa limesherehekea mwaka 1932 kufikisha watu 1,500, idadi waliyoamini ni ya chini kabisa ya kuliendeleza kabila, hilo lilikuwa pigo la kutisha. Sikukuu ya Angam, tarehe 26 Oktoba, bado ni ya hesabu hiyo.

Mwaka 1964 Australia, iliyokuwa ikisimamia kisiwa kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, ilipendekeza Wanauru wote wahamie Curtis Island, kwenye pwani ya Queensland, kwa kuwa kwao kungekwisha kuchimbwa. Ardhi ilikuwepo, nyumba zingejengwa, uraia wa Australia ungetolewa. Kiongozi wa Wanauru, Hammer DeRoburt, na wenzake walikataa, kwa sababu Australia haikukubali wawe na mamlaka yao huko. Wakati ule wengi waliwaona wakaidi. Mimi nauona ndio uamuzi wa kiuchumi uliowafaa kuliko wowote waliowahi kufanya, na sababu utaiona mbele.

Uhuru ulipatikana tarehe 31 Januari 1968, siku ile ile ya kurudi kutoka Truk. Makubaliano ya mwaka 1967 yaliwapa haki ya kuinunua miliki ya uchimbaji kwa dola milioni 21 za Australia. Mwaka 1970 shirika lao, Nauru Phosphate Corporation, likachukua kazi yote. Bei ya dunia ilipopaa katikati ya miaka ya 1970, kisiwa chenye watu elfu chache kilikuwa kikiuza tani karibu milioni mbili kwa mwaka. Hapo ndipo sifa ya utajiri ilipotoka. Gawanya mapato hayo kwa idadi ndogo ile na tarakimu inakuwa kubwa mno, hata kama sehemu kubwa ya fedha haikufika mkononi mwa mtu wa kawaida. Hakukuwa na kodi ya mapato. Shule na matibabu yalikuwa bure, na mgonjwa mahututi alipelekwa Australia kwa gharama ya serikali.

Akiba iliwekwa katika mfuko wa amana wa mrabaha wa fosfeti, na hapa ndipo kosa lilipo. Wazo lilikuwa sahihi: fosfeti itaisha, basi tununue mali zitakazozaa kodi ya pango milele. Walijenga Nauru House, jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne lililokamilika mwaka 1977. Walinunua hoteli na viwanja katika nchi kadhaa, wakawekeza katika viwanda vya mbolea India na Ufilipino. Miaka ya mwanzo ya 1990 thamani ya mfuko ilikuwa ikihesabiwa kupita dola bilioni moja za Australia. Lakini wadhamini waliteuliwa na wanasiasa, hesabu hazikukaguliwa kwa wakati, na hapakuwa na kanuni ya kuzuia serikali kukopa kwa kuweka mali za mfuko rehani. Kila bajeti iliyopungukiwa ilizibwa kwa mkopo, na kila mkopo ulitia kufuli jengo jingine. Air Nauru nayo iliruka na ndege kubwa kwenda miji mingi ya Asia na Pasifiki zikiwa nusu tupu. Shirika la ndege linalopata hasara linaweza kumaliza akiba upesi kuliko wananchi wote wakinunua magari mapya kila mwaka. Hata onyesho la muziki jukwaani London mwaka 1993, kuhusu maisha ya Leonardo da Vinci, liligharamiwa na fedha za Nauru na likafungwa baada ya wiki chache. Watu hupenda kulitaja hilo, ingawa kwa hesabu lilikuwa tone tu.

Fosfeti rahisi ilipoanza kuisha, mikopo haikulipika. Mwaka 2004 wadai waliteua wasimamizi wa mali zilizowekwa rehani, na Nauru House ikauzwa. Benki ya Nauru haikuwa na fedha za kuwapa wateja. Desemba 2005 ndege ya mwisho ya shirika la taifa ilikamatwa kwa deni, na kisiwa kikabaki bila usafiri wake wa anga. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejaribu njia ya mkato ya kusajili benki za kigeni zisizo na jengo wala mfanyakazi, takriban 400 zikitumia sanduku moja la barua. Fedha za ada zilikuwa kidogo, hasara ilikuwa kubwa: nchi ikaingizwa kwenye orodha nyeusi ya kimataifa ya utakatishaji fedha kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, na benki za kweli zikakataa kuigusa. Madhara yake yalidumu miaka mingi. Kwa muda mrefu mtu wa Nauru aliishi kwa noti mkononi, akitunza mshahara nyumbani.

Lipo pia suala la fidia. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ardhi iliyoharibiwa kabla ya kukabidhiwa machimbo. Mwaka 1992 mahakama ilikubali kwamba ina uwezo wa kuisikiliza kesi. Mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama kwa dola milioni 107 za Australia, milioni 57 taslimu na zilizobaki kwa mafungu ya miaka 20. Uingereza na New Zealand zilichangia milioni 12 kila moja. Kisiwa kisicho na uhuru kisingeweza kumpeleka yeyote The Hague. Hapo Curtis Island inarudi kwenye hesabu.

Leo basi fedha zinatoka wapi? Chanzo kinachoheshimika zaidi ni jodari. Nauru ina ukanda wa bahari wa kiuchumi unaozidi kilomita za mraba 300,000, lakini haina meli zake kubwa za uvuvi. Mwaka 1982 ilijiunga na majirani katika mkataba unaobeba jina lake, Mkataba wa Nauru, ambao sasa una nchi nane: Kiribati, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Nauru, Palau, Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon na Tuvalu. Zamani kila nchi iliuza leseni peke yake, na wenye meli waliwagombanisha mpaka bei ikawa ya aibu. Tangu 2007 wanauza siku. Nchi hizo hupanga jumla ya siku ambazo meli za nyavu za kuzungushia zitaruhusiwa kuvua kwa mwaka, kila nchi inapata mgawo wake, na mwenye meli ananunua siku. Bei ya chini ilipandishwa hadi dola 8,000 za Marekani kwa siku. Meli yenye urefu wa chini ya mita 50 huhesabiwa nusu siku, ya mita 50 hadi 80 siku moja, na inayozidi 80 siku moja na nusu. Kila meli hubeba kifaa cha satelaiti kinachoonyesha iko wapi, na mwangalizi huru ndani yake. Mabishano mengi yanahusu siku ambazo nahodha anadai hakuvua bali alikuwa akipita au injini imeharibika. Akikubaliwa, siku hiyo haihesabiwi. Udhaifu wa mfumo ni kwamba samaki hawana mpaka. El Niño huwasogeza mashariki, na hapo siku za Nauru na Kiribati hupata wanunuzi. Hali ya bahari ikigeuka, huvutwa kuelekea Papua New Guinea.

Chanzo cha pili ni Australia, na hiki kina ladha chungu. Mwaka 2001 Australia ilianza kuwapeleka Nauru watu waliokamatwa baharini wakitafuta hifadhi. Kambi ilifungwa 2008, ikafunguliwa tena 2012, na mashirika ya haki za binadamu yalieleza kwa kirefu mateso ya watu waliokaa humo miaka mingi, watoto wakiwemo. Kwa hazina ya Nauru kambi ilimaanisha ada za viza, mishahara, kandarasi na kodi. Kodi ya mishahara yenyewe ilianzishwa mwaka 2014, wakati shughuli za kambi zimepamba moto. Mkataba uliotiwa saini Desemba 2024 unaipa Nauru dola milioni 100 za Australia za kusaidia bajeti kwa miaka mitano na milioni 40 za polisi na usalama. Kwa upande wake Nauru lazima ikubaliane na Australia kabla ya kuingia mikataba na wengine katika usalama, benki na mawasiliano. Huduma ya benki kutoka benki kubwa ya Australia ilikuja pamoja na mkataba huo. Mwaka 2025 yakafuata makubaliano ya kuwapokea watu walionyimwa haki ya kukaa Australia, kwa dola milioni 408 za Australia za mwanzo na milioni 70 hivi kila mwaka. Ni fedha nyingi kwa nchi ndogo, lakini ni mnunuzi mmoja, na mnunuzi mmoja anaweza kuamka asubuhi na sera mpya. Mwaka 2008 ilitokea.

Mengine nitayapitia haraka. Nauru imekuwa ikihamisha utambuzi wake kati ya Taiwan na China: Taiwan tangu 1980, China 2002, Taiwan tena 2005, China tena Januari 2024. Mwaka 2009 iliitambua Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo yaliyojitenga na Georgia, kama nchi huru, hatua iliyoifurahisha Urusi. Mwaka 2021 ilitumia nafasi yake ya kudhamini kampuni ya uchimbaji wa sakafu ya bahari kuilazimisha mamlaka ya kimataifa ya sakafu hiyo iharakishe kanuni. Mwaka 2024 ikatangaza uraia kwa wawekezaji, bei ya kuanzia dola 105,000 za Marekani, kwa ajili ya kuhamishia watu Topside bahari inapopanda. Pasipoti za Nauru ziliwahi kuuzwa miaka ya 1990 zikaishia mikononi mwa watu wabaya, kwa hiyo uchunguzi wa waombaji ndio utakaoamua kama safari hii itadumu.

Kuna somo moja walilolitunga kuwa sheria. Mfuko mpya wa vizazi, ulioanzishwa mwaka 2015 kwa michango ya Nauru na wafadhili, hauwezi kutolewa fedha kabla ya mwaka 2033, na wafadhili wana kiti katika usimamizi wake. Waziri hawezi kuuweka rehani. Kama ule wa zamani ungekuwa na kifungu hicho kimoja, mengi yasingetokea.

Kuhusu utawala: bunge ni moja, lina viti 19, na kipindi chake ni miaka mitatu. Majimbo ni manane: sita yana wabunge wawili wawili, Meneng watatu, Ubenide wanne. Wilaya ni 14, na hakuna mji mkuu rasmi. Ofisi za serikali, bunge na uwanja wa ndege viko Yaren. Wabunge humchagua rais miongoni mwao, naye ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. David Adeang alichaguliwa hivyo Oktoba 2023. Jeshi hakuna, fedha inayotumika ni dola ya Australia. Vyama vya siasa vyenye nguvu pia hakuna, na sehemu ya sababu iko kwenye karatasi ya kura.

Tangu 1971 Nauru hutumia mfumo wa Dowdall, uliopewa jina la katibu wa sheria aliyeubuni. Mpiga kura lazima awapange wagombea wote kwa namba. Akiacha mmoja, kura imeharibika. Namba 1 inampa mgombea pointi 1, namba 2 nusu, namba 3 theluthi, namba 4 robo, namba 5 moja ya tano. Chukua wapiga kura 500 na wagombea watano. Mgombea aliyewekwa wa kwanza na watu 100 na wa mwisho na watu 400 anapata 100 na 80, jumla 180. Mwingine ambaye hakuna aliyemweka wa kwanza, ila 400 wamemweka wa pili na 100 wa tatu, anapata 200 na 33.3, jumla 233.3. Wa pili amemshinda mwenye mashabiki wakali. Katika jimbo la watu mia kadhaa waliooana na kuzikana, njia ya kushinda ni kutomuudhi mtu, na chama kinachogawa watu hakina faida. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mbunge hana wa kumbana bungeni, hivyo kuhama kundi ni jambo la siku moja. Bernard Dowiyogo alishika urais vipindi saba tofauti kati ya 1976 na 2003. Mwaka 2003 pekee kiti kilibadilika mikono mara kadhaa. Zamani viti vilikuwa 18, na mwaka 2010 bunge liligawanyika tisa kwa tisa, likashindwa kuunda serikali hata baada ya kurudia uchaguzi. Kiti cha 19 kiliongezwa mwaka 2013 kwa sababu hiyo tu. Rufaa za mahakama zilikuwa zikienda Mahakama Kuu ya Australia hadi Nauru ilipovunja utaratibu huo mwaka 2018 na kuwa na mahakama yake ya rufaa. Wakosoaji walisema muda uliochaguliwa ulikuwa wa kutilia shaka, kesi za wapinzani zikiwa bado zinaendelea.

Watu wengi ni Wanauru wa asili, wanaozungumza Kinauru na Kiingereza. Wengi ni Wakristo. Koo za asili ni kumi na mbili, ndizo ncha kumi na mbili za nyota katika bendera, na mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Ardhi hurithiwa na watoto wote, kwa hiyo baada ya vizazi vichache kiwanja kimoja kina wamiliki makumi, kila mmoja na sehemu yake, na mgeni haruhusiwi kumiliki. Kumbuka hilo, linarudi hivi punde. Chakula cha zamani kilikuwa nazi, tunda la mkadi, ndege wa baharini na samaki. Vifaranga vya mwatiko vilikusanywa mwambani, vikazoeshwa maji ya chumvi kidogo, vikafugwa Buada, kila familia na sehemu yake ya ziwa, mpaka perege walioletwa wakazagaa na kuwamaliza. Leo sahani imejaa mchele, nyama za kopo na vinywaji vya sukari, na kisukari pamoja na unene wa kupindukia viko katika viwango vya juu kabisa duniani. Kuwalaumu watu kwa tabia ya kula ni kuruka hatua: bustani zilichimbwa, maji hayatoshi, na mboga mbichi huja kwa ndege kwa bei ya anasa.

Sasa swali la mwisho. Ndiyo, ardhi inaweza kurudishwa, lakini kwa vipande, na si kuwa kama ilivyokuwa. Kazi huanza kwa kuvunja nguzo kwa nyundo za mitambo, kisha kuchota fosfeti iliyobaki katikati na chini yake. Uchimbaji huu wa pili ulianza mwaka 2006 na ndio unaolipia sehemu ya gharama. Mawe yanasagwa kuwa kokoto za barabara na ujenzi, mashimo yanajazwa, uso unasawazishwa. Kufika hapo panafaa nyumba, matangi au paneli za jua. Kilimo kinahitaji udongo, nao wa asili uliondolewa zamani na mwingi umepotea. Kuuagiza ni ghali na huleta wadudu wageni, hivyo inabaki kutengeneza mboji kwa miaka. Sehemu zilizoachwa bila kuguswa kwa miongo kadhaa zimejiotea vichaka na miti ya mitondoo, na kwa kukinga maji ya mvua na kupunguza joto la mawe, kuziacha hivyo wakati mwingine ni busara kuliko kuzisawazisha. Na kabla nyundo haijapigwa, lazima wamiliki wa kiwanja, wale makumi, wakubaliane kitakuwa nini na nani atapata nini. Mradi wa kwanza wa makazi ya Topside ulianzia kwenye kiwanja cha serikali, Land Portion 230, ambako hapakuwa na saini nyingi za kukusanya.